Ofisi ya maombi ya udaktari, Ngamiani, Tanga: lipia dawati la kwanza, la pili lipite

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka mwezi wa saba, Ngamiani yote hugeuka mji wa bahasha. Kila mwenye kompyuta na mashine ya kuskani hubandika karatasi mlangoni: tunaombea vyuo, mikopo, nje ya nchi. Ofisi tunayoitathmini hapa ni moja katika hizo, chumba kimoja barabara za katikati, feni moja, foleni inayoanzia nje kwenye kivuli cha mkungu. Kinachoitofautisha na wenzake ni madawati yake mawili. La kwanza huombea vyuo vya nchini kwa shilingi 25,000. La pili, lenye kiti cha kuzunguka na bendera ndogo ya Marekani, huuza kifurushi kinachoitwa "udaktari wa moja kwa moja Marekani" kwa shilingi 650,000, nusu ikitangulia. Jina la ofisi hatulitaji, maana tutakayoyasema yanawahusu wengi wa biashara hii, na riziki ya mtu ni riziki.

Kwa wenye haraka: dawati la kwanza linafaa, mradi ukae pembeni ya kijana wa kompyuta na usitoke mpaka abonyeze kitufe cha mwisho. Dawati la pili halifiki hata thamani ya nauli ya bajaji kutoka Chumbageni.

Tuanze na hilo neno "moja kwa moja", kwa sababu ndilo linalouza. Marekani udaktari ni shahada ya pili. Mtu husoma miaka 4 ya shahada ya kwanza, hufanya mtihani wa MCAT, halafu huomba upya shule ya udaktari ya miaka 4 mingine. Vyuo vichache vimeunganisha hatua hizo, hivyo mwanafunzi anayetoka sekondari huomba mara moja akapewa nafasi ya shahada ya kwanza pamoja na ya udaktari. Chuo Kikuu cha Brown, mjini Providence, kina programu ya namna hiyo inayoitwa PLME: miaka 8, bila MCAT. Chuo Kikuu cha Missouri kilichoko Kansas City kina ya miaka 6. Kwao hilo ni bahati ya kugombaniwa. Kwetu ndiyo njia ya kawaida: mtoto wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) anatoka kidato cha sita, anaingia MD, yaani shahada ya udaktari, kwa miaka 5, anamalizia mwaka 1 wa intanshipu, basi. Anayemuuzia mtoto huyo "moja kwa moja" kama bidhaa ya kigeni anamuuzia upepo wa bahari mkazi wa Raskazone.

Sasa dawati la kwanza. Kijana anayekaa hapo anaijua kazi. Anajua kwamba tangu 2017 maombi huenda chuoni kwenyewe, si TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kama ilivyokuwa kuanzia 2010, na huwaeleza wazazi hilo kwa upole, maana wapo mpaka leo wanaokuja wakiuliza "TCU wamempangia wapi mwanangu." Anajua namba ya malipo ya serikali ina tarakimu 12 na huanza na 99, kwa hiyo akiletewa nyingine huuliza kwanza. Anajua namba ya mtihani ya kidato cha nne na ya sita zote mbili huingizwa zikiwa kamili pamoja na mwaka, na kwamba kwenye namba hiyo S (wa shule) na P (wa kujitegemea) ni watu wawili tofauti: anayeandika S kwa mtahiniwa wa kujitegemea atagonga ukuta mfumoni mpaka jioni.

Anapoteleza ni kwenye pointi, na hapa wateja wengi huteleza naye. NECTA, baraza la mitihani, na TCU wanahesabu kwa kupingana. Kwa NECTA, A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, na kadiri jumla inavyopungua ndivyo unavyosifiwa: masomo matatu ya tahasusi yakiwa na jumla ya 3 mpaka 9, ni daraja la kwanza. Kwa TCU, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu, na kadiri jumla inavyopanda ndivyo unavyofaa. Sharti la chini la MD ni Fizikia, Kemia na Biolojia, kila somo lisipungue D, jumla pointi 6 za TCU. Mwenye B tatu atasema "nina pointi 6", naye anasema kweli kwa hesabu ya NECTA, lakini kwa TCU ana 12. Mwenye D tatu ana 12 za NECTA, daraja la pili, na hizo ndizo 6 za TCU. Mezani pale mtoto wa B tatu anaweza kuambiwa yuko ukingoni, akapelekwa kwenye kozi nyingine za afya kwa woga, na wa D tatu akatiwa moyo kuweka vyuo vikubwa tupu. Dawa yake ni ndogo: usitaje pointi, taja herufi. "Nina C Fizikia, B Kemia, B Biolojia." Herufi haina tafsiri mbili.

Na D tatu ni ruhusa ya kupiga hodi tu. Vyuo hupanga waombaji kwa ufaulu, na MUHAS, CUHAS ya Bugando, chuo cha KCMC kule Moshi na UDOM vyote hupokea waombaji wengi kuliko viti. Mtu wa pointi za chini aweke kimoja cha ndoto na vitatu vya uhakika zaidi, vikiwamo vya binafsi kama Kairuki au Mtakatifu Fransisko Ifakara, kisha akae chini na mzazi kupiga hesabu ya ada kabla ya kuomba. Kuomba chuo usichoweza kulipa ni kuchoma ada ya maombi.

Kuna jambo moja halirekebishiki mezani, wala si kosa la ofisi: tahasusi. Kila mwaka huja watoto wa CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) wenye alama za kung'aa wakitaka MD. CBG haina Fizikia, na bila Fizikia ya kidato cha sita mlango huo haupo. Kijana wa dawati la kwanza husema hivyo waziwazi na hachukui pesa, na kwa hilo tunampa heshima yake. Wenzake mtaa wa pili huchukua pesa kwanza. Njia iliyobaki kwa mtoto huyo ni ndefu lakini ipo: stashahada ya utabibu, amalize na GPA isiyopungua 3.5 au wastani wa B, huku cheti chake cha kidato cha nne kikiwa na ufaulu wa masomo ya sayansi, Hisabati na Kiingereza. Ndipo arudi kuomba MD kwa sifa linganishi.

Doa kubwa la dawati hili ni simu. Ili kazi iende haraka, ofisi hutumia namba yake na barua pepe yake kwa wateja chungu nzima, na neno la siri ni lilelile kwa wote. Dirisha la udahili likifungwa, aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja, na namba ya kuthibitishia huja kwa ujumbe wa simu. Ikija kwenye laini ya ofisi siku ambayo kijana yuko Korogwe msibani, siku za kuthibitisha zinapita na kiti kinakwenda kwa mwingine. Dirisha la pili likifunguliwa, nafasi za MD huwa zimebaki chache au hazipo kabisa. Kwa hiyo nenda na laini yako iliyosajiliwa, iliyo na chaji, fungua barua pepe yako nyumbani usiku uliotangulia, na neno la siri liandike kwenye daftari lako wewe. Wakikwambia "sisi tunatunza kila kitu", jibu: "Ahsante kaka, hili nitalitunza mwenyewe."

Mkopo hulipiwa kando, shilingi 10,000 juu ya ada ya bodi yenyewe, na hapo tunaona pesa inapata kazi yake. Kazi ya HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, si kujaza fomu, ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi, cha NECTA kinasema Mwanahamis, kitambulisho cha baba kina jina la babu ambalo cheti cha mtoto hakina. Mfumo haujui kwamba ni mtu mmoja. Ofisi hii huvilaza vyeti vyote mezani kabla ya kugusa kompyuta, huweka rula chini ya kila jina na kusoma herufi kwa herufi. Ni dakika kumi, lakini ni dakika kumi ambazo ofisi nyingine hazitoi. Wakikuta tofauti wanakuelekeza kwa wakili kwa hati ya kiapo kabla ya lolote. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi, kwanza, na waliozaliwa Unguja au Pemba, ambao Tanga hawakosekani, wahakikiwe upande wa Zanzibar, si RITA. Baada ya hapo fomu huchapishwa, ikasainiwa na mwombaji, mdhamini, serikali ya mtaa na wakili au hakimu, kisha kurasa zenye saini huskaniwa na kurudishwa mfumoni. Maombi mengi hufia hapo mwishoni: fomu ina mihuri yote, iko kabatini nyumbani, haijarudishwa. Bila hatua hiyo hakuna bumu.

Twende dawati la pili.

Anayekaa hapo ni mwanamke mchangamfu, mwenye Kiingereza kizuri, anayekupa orodha ya vyuo kumi vya Marekani "vinavyochukua Watanzania." Tuliisoma orodha hiyo mstari kwa mstari. Imo programu ya Northwestern, ambayo iliacha kuchukua wanafunzi miaka kadhaa iliyopita. Imo ile ya miaka 6 ya Kansas City, ambayo huchukua raia wa Marekani na wenye ukazi wa kudumu. Iliyobaki yenye mlango kwa mgeni na msaada wa maana wa fedha ni Brown, na kwa Brown peke yake hakuna haja ya kifurushi cha laki sita na nusu.

Fedha zenyewe ndizo jambo ambalo dawati hili halilitamki hata kwa kunong'ona. Brown sasa huamua udahili wa shahada ya kwanza bila kuangalia uwezo wa kulipa, hata kwa wageni, na aliyechaguliwa hupewa msaada kwa kadiri ya hali ya familia. Hilo ni kweli na ni kubwa. Lakini msaada huo ni wa miaka 4 ya kwanza. Miaka 4 ya shule ya udaktari ni hesabu nyingine, na mikopo ya serikali ya Marekani haimhusu mgeni. Shule nyingi za udaktari kule hazichukui wageni kabisa, na baadhi ya zinazochukua hudai uonyeshe pesa ya mwaka mmoja au zaidi ikiwa imewekwa benki kabla hujaanza. Mzazi anayesikia "ufadhili" bila kusikia "nusu ya safari" ameuziwa kiatu kimoja.

Halafu kuna barua za walimu. Maombi hupitia mfumo wa Common App, unaofunguliwa tarehe 1 Agosti: mwombaji ana insha kuu isiyozidi maneno 650, na mwalimu mshauri pamoja na walimu wa masomo hutuma barua zao wenyewe, kila mmoja kwa barua pepe yake, mwanafunzi asizione. Mwalimu wa sekondari ya serikali mara nyingi hana barua pepe ya shule. Dawati hili "hutatua" tatizo kwa kufungua barua pepe za bandia kwa majina ya walimu na kujiandikia sifa. Kule wanakagua. Barua tatu za walimu watatu kutoka kompyuta moja, zenye maneno yaleyale, hufuta ombi, na hata mtu akishaingia chuoni zikigundulika hufutiwa nafasi. Njia halali haina gharama: mwalimu hufungua barua pepe yake mwenyewe, mkuu wa shule huandika barua yenye muhuri kueleza kwamba shule haina mfumo wa anwani rasmi, na barua hiyo hupakiwa pamoja na taarifa za maendeleo ya mwanafunzi.

Cheti cha kujitolea ndicho kilichotuudhi zaidi. Programu hizi zinataka kuona kwamba mwombaji ameuona ugonjwa kwa karibu na bado anautaka udaktari. Dawati huchapisha cheti cha "saa 200 hospitalini" kwa shilingi 30,000. Mtoto huyohuyo anakaa mwendo wa dakika chache kutoka hospitali ya Bombo, na barua ya mkuu wa shule kwenda kwa mganga mfawidhi ikiomba ruhusa ya kushuhudia kazi wakati wa likizo ni karatasi moja. Hata bila hospitali, anayo ya kuandika. Pwani hii inajua matende na mabusha. Mtoto aliyemsindikiza bibi yake kumeza kingatiba, ivermectin na albendazole, akauliza kwa nini watu wazima wa mtaa mzima wanapewa dawa hata wasioumwa, kisha akafuatilia mpaka kwenye mbu wa Culex anayezaliana kwenye mashimo ya vyoo nyuma ya nyumba zetu, ana insha ambayo hakuna kijana wa Boston anayeweza kuiandika. Insha tatu tulizoonyeshwa kama mifano bora zote zilianza na mgonjwa asiye na jina anayefia mikononi mwa mwandishi. Zote tatu. Mgonjwa yuleyule, tunadhani.

Fomu ya hali ya fedha, CSS Profile, nayo hujazwa vibaya. Baba anauza machungwa ya Muheza, mama ana genge. Dawati huandika mapato sifuri, kwa imani kwamba sifuri ndiyo huruma. Sifuri haielezi mtoto alilipiwaje bweni. Kinachotakiwa ni makadirio ya ukweli ya mwaka mzima: msimu mkubwa uliingiza nini, msimu mdogo nini, wategemezi wangapi, na barua fupi ya serikali ya mtaa kuthibitisha shughuli. Mapato madogo yanayoeleweka yanaaminika kuliko sifuri.

Kama kijana ana akili ya kweli na moyo wa kujaribu, afanye hivi bila dawati hilo. Aanze kidato cha tano, si baada ya matokeo, kwa sababu ombi la mapema la Brown hufungwa tarehe 1 Novemba na la kawaida mapema Januari, wakati bado yuko darasani kidato cha sita na mtihani wa taifa uko Mei. Cha kupeleka ni matokeo ya kidato cha nne na taarifa za mihula, na ya kidato cha sita yatafuata Julai, kabla masomo kule hayajaanza. Apate pasipoti kwanza, shilingi 150,000, kwani ni kitambulisho kinachokubalika kwenye SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, ambao Brown wameurudisha kuwa wa lazima, huo au mwenzake ACT. SAT siku hizi hufanywa kwa programu ya Bluebook kwenye laptopu au tableti, si simu. Atakayekosa kifaa anaweza kuomba kuazimwa na waandaaji, ila aombe zaidi ya mwezi mmoja kabla. Akiufanyia Dar es Salaam, kilomita 350 hivi, aingie mjini siku moja kabla na alale kwa ndugu. Basi la alfajiri kutoka Kange siku ileile ya mtihani ni kamari. Mazoezi yako bure Khan Academy. Na ushauri wa kuomba vyuo vya Marekani hutolewa bure na EducationUSA, kitengo cha ubalozi wao Dar, hata kwa mtandao. Ni kazi ileile inayouzwa hapa kwa laki sita na nusu, tena bila barua za bandia. Akipata nafasi, kuna ada ya SEVIS (usajili wa wanafunzi wageni kule) ya dola 350 na ya viza dola 185, na masharti ya viza kwa Watanzania yaangaliwe kwenye tovuti ya ubalozi wiki ileile ya kulipa, kwa kuwa hubadilika.

Wakati huohuo aombe nyumbani. Julai ikifika awe na ombi la MD dirisha la kwanza, Brown wakubali wasikubali.

Dawati la pili pia huuza India, China na Uganda. Huko hatukukagua kwa kina, ila mambo mawili usiyaache. Wakala wa vyuo vya nje anatakiwa awe na kibali cha TCU, na kibali hicho huonyeshwa. Tulipouliza tuliambiwa kiko njiani. Na kabla ya kuondoka mwanafunzi huomba TCU cheti cha kutokuwa na pingamizi, kwa sababu akirudi na shahada yake itatambuliwa na TCU kwanza, kisha Baraza la Madaktari Tanganyika litampa mtihani kabla ya intanshipu. Mwenye D mbili na E aliyeambiwa "nje hawaangalii" atakuja kuangaliwa hapahapa, miaka 6 baadaye.

Ukienda, nenda kati ya Jumanne na Alhamisi, saa mbili asubuhi, kabla intaneti haijalemewa. Jumamosi foleni inafika kwa muuza urojo na kijana amechoka, na kijana aliyechoka hukosea mwaka wa namba ya mtihani. Chukua vyeti halisi na nakala, picha ndogo yenye mandhari ya bluu na nyingine nyeupe, flashi yako mwenyewe, na simu ya mzazi iwe hewani. Kabla ya kuondoka dai faili zote za PDF ziwekwe kwenye flashi yako na zifutwe kwenye kompyuta yao. Hugunaguna kidogo, lakini hufanya. Risiti wanatoa, ukiomba.